Mguu Mmoja Ukiwa Mfupi: Jinsi Mifupa Inavyorefushwa kwa Upasuaji

Mara nyingi fundi wa sare za shule ndiye wa kwanza kuliona. Anapima suruali, kisha anamwambia mzazi kwamba upande mmoja utahitaji kukunjwa zaidi ya mwingine. Wakati mwingine ni mwalimu wa michezo anayemwona mtoto akichechemea, au nyanya anayegundua kuwa kiatu kimoja huisha soli upande wa vidole pekee. Mzazi hujipa moyo kwamba mtoto atakua na miguu itajisawazisha yenyewe. Miaka inapita. Mtoto anapofikishwa kliniki ya mifupa akiwa na miaka 16, matibabu mepesi yaliyowezekana awali huwa yamempita, na linalobaki ni upasuaji mkubwa wa kurefusha mfupa.

Makala haya yanaeleza upasuaji huo ni nini, hufanywaje, huleta matokeo gani na mkazi aanzie wapi. Jambo moja ni vyema lieleweke tangu mwanzo. Daktari hukata mfupa kwa muda mfupi tu ndani ya chumba cha upasuaji, lakini mguu wenyewe hurefushwa nyumbani, kwa miezi, na mgonjwa pamoja na familia yake. Familia inayojua hivyo kabla ya kukubali upasuaji hujiandaa vyema, na matokeo huwa bora.

Kwa nini mguu mmoja huwa mfupi

Kuna watoto wanaozaliwa mfupa wa paja au wa muundi ukiwa mfupi, au mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi ukiwa haupo kabisa. Hili ni jambo la maumbile. Mama hakukosea lolote, na si laana.

Wengine huzaliwa na miguu iliyo sawa, kisha tofauti ikaja baadaye. Kila mfupa mrefu wa mtoto una tabaka la gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa hukua. Tabaka hilo la ukuaji likivunjika katika ajali, au likiharibiwa na usaha ulioingia ndani ya mfupa, mfupa huo huacha kukua ilhali mwenzake unaendelea. Polio pia huacha mguu ukiwa mwembamba na mfupi, na ndiyo sababu chanjo ya polio haifai kukosekana kwa mtoto yeyote.

Kwa watu wazima, sababu kubwa ni ajali za barabarani, zikiwemo za bodaboda. Mfupa uliovunjika unaweza kuunga huku vipande vimepandana, au kipande kikapotea kwa sababu ya jeraha kubwa na uambukizi.

Si kila tofauti inahitaji kisu

Watu wengi wana tofauti ndogo ya urefu wa miguu na hawajui. Tofauti isiyofika sentimita 2 kwa kawaida haihitaji upasuaji. Inatosha kuongeza soli ya kiatu, kazi ambayo fundi wa viatu anaweza kuifanya akipewa kipimo na kliniki.

Kati ya sentimita 2 na 5, daktari huangalia kwanza umri. Mtoto ambaye bado anakua anaweza kufanyiwa upasuaji mdogo wa kupunguza kasi ya ukuaji wa mguu mrefu. Mtu mzima anaweza kuvaa kiatu chenye soli nene, na wengine hufupishwa mfupa wa mguu mrefu. Tofauti ikizidi sentimita 5, hapo ndipo kurefusha mfupa huzungumzwa zaidi. Tofauti ikiwa kubwa mno, na hasa wayo nao ukiwa na kasoro, mguu wa bandia unaweza kumsaidia mtu kutembea vizuri kuliko upasuaji mwingi wa kurudiwarudiwa.

Kupima si kazi ya kukisia kwa macho. Mgonjwa husimama akiwa ameweka vipande vya mbao chini ya mguu mfupi hadi nyonga zake ziwe sawa, kisha vipande hivyo hupimwa. Baadaye hupigwa picha ya eksirei ya miguu yote akiwa amesimama.

Umri huamua mengi

Fikiria msichana wa miaka 11 ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa sentimita 2.7. Mfupa wa paja hukua takribani milimita 9 kwa mwaka katika ncha iliyo karibu na goti, na muundi hukua takribani milimita 6 katika ncha yake ya juu. Wasichana wengi huacha kukua kwenye goti wakiwa na umri wa miaka 14 hivi, na wavulana miaka 16 hivi. Daktari akizuia ukuaji wa paja la mguu mrefu karibu na goti, mguu mfupi una miaka 3 ya kuufikia: milimita 9 mara 3 ni milimita 27, yaani sentimita 2.7. Upasuaji huo ni wa jeraha dogo, na kwa kawaida mtoto hurudi shuleni baada ya muda mfupi.

Hesabu ya kliniki ni pana zaidi, kwa sababu watoto hawalingani katika kukua na tofauti yenyewe inaweza kuongezeka. Lakini somo ni hilo. Msichana huyo akiletwa akiwa na miaka 15, mlango huo umeshafungwa, na hakuna dawa ya kuufungua.

Siri iliyogunduliwa Siberia

Madaktari walianza kujaribu kurefusha miguu zamani. Mwaka wa 1905 Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, alieleza jinsi alivyokata mfupa na kuuvuta kwa nguvu. Uvutaji huo wa ghafla uliumiza mishipa ya fahamu, ngozi na misuli, na wagonjwa wengi walipata madhara.

Mabadiliko makubwa yalitoka mbali na vyuo vikuu mashuhuri. Gavriil Ilizarov alikuwa daktari katika eneo la Kurgan, Siberia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwatibu watu wenye mifupa iliyokataa kuunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza kifaa cha pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikishikwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa. Aliona kwamba vipande viwili vya mfupa vikitenganishwa polepole sana, mwili hulijaza pengo kwa mfupa mpya.

Jina lake lilienea baada ya kumtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka wa 1964, aliyevunjika mguu vibaya katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1965. Upasuaji mwingi ulikuwa umeshindwa kumponya. Baada ya matibabu ya Ilizarov alirudi kuruka, ingawa hakuifikia tena rekodi yake ya dunia ya mita 2.28. Mwaka wa 1981 Ilizarov alialikwa Italia kueleza njia yake, na kutoka huko ikasambaa duniani.

Hatua nne za matibabu

Hatua ya kwanza ni upasuaji. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ganzi ya kuanzia kiunoni. Daktari hufunga fremu, kisha hukata mfupa kupitia jeraha dogo, akijihadhari asiuharibu utando unaoufunika, kwa maana utando huo na damu yake ndivyo vitakavyotengeneza mfupa mpya.

Hatua ya pili ni kusubiri. Kwa siku 5 hadi 10 hakuna kinachovutwa. Mwili unaanza kuliunga jeraha la mfupa kama unavyofanya mfupa wowote ukivunjika.

Hatua ya tatu ni kurefusha. Nati za fremu huzungushwa kidogo kidogo ili mfupa utanuke milimita 1 kwa siku. Milimita hiyo haiongezwi kwa mkupuo mmoja. Hugawanywa mara 4, robo milimita kila mara, kwa mfano asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Ilizarov alilipima jambo hili kwa makini. Mfupa ukivutwa kwa milimita 2 kwa siku, pengo hukosa kujaa vizuri na mishipa ya fahamu huumia. Ukivutwa nusu milimita, mfupa unaweza kuunga kabla urefu unaotakiwa haujafikiwa. Daktari anaweza kubadilisha kasi baada ya kuona eksirei, lakini mgonjwa asiibadilishe mwenyewe. Anayezungusha zaidi ili amalize haraka hujichelewesha.

Hatua ya nne ni kukomaa kwa mfupa, na ndiyo ndefu kuliko zote. Mfupa mpya huwa laini. Fremu hubaki mguuni bila kuzungushwa hadi eksirei ionyeshe kuwa mfupa umekuwa imara katika angalau pande 3 kati ya 4.

Tuseme mtoto anahitaji sentimita 4. Atasubiri wiki moja, atarefushwa kwa siku 40, kisha mfupa ukomae. Kwa kawaida hesabu nzima ni mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kwa kila sentimita, yaani miezi 4 hadi 6 akiwa na fremu. Watu wazima huchukua muda mrefu zaidi, na wavuta sigara zaidi ya hapo.

Kwa awamu moja madaktari wengi hawapendi kuzidi sana sentimita 5. Anayehitaji zaidi hupumzishwa, kisha hurudiwa baada ya muda.

Njia hiyo hiyo huwasaidia waliopoteza kipande cha mfupa katika ajali. Mfupa hukatwa mahali penye afya, na kipande hicho husogezwa polepole hadi kuliziba pengo, huku nyuma yake ukiota mfupa mpya.

Fremu ya nje au chuma cha ndani

Fremu ya pete inaweza kunyoosha mguu uliopinda huku ikiurefusha, na mgonjwa hushauriwa akanyage akiwa nayo. Ipo pia fremu nyepesi ya upande mmoja wa mguu. Ubaya wa zote ni kwamba pini hupita kwenye ngozi, na kila tundu ni njia ya vijidudu.

Siku hizi kuna chuma kinachowekwa ndani ya uvungu wa mfupa na kurefuka chenyewe. Aina inayotumika sana ina sumaku ndani, na mgonjwa huweka kifaa cha sumaku juu ya ngozi kila siku ili kukitanua. Hakuna pini za nje, na viungo hunyooshwa kwa urahisi zaidi. Lakini ni ghali sana, mara nyingi hakiwafai watoto wadogo wenye mifupa myembamba, na mgonjwa haruhusiwi kukanyaga kwa uzito wote hadi mfupa ukomae. Sharti la kwenda polepole linabaki lile lile.

Matokeo: mazuri, lakini njia ina mabonde

Wagonjwa wengi waliochaguliwa vizuri na kufuatiliwa kwa karibu hufikia urefu uliokusudiwa, na mfupa mpya, ukishakomaa, ni mfupa kamili wenye damu yake. Hata hivyo karibu kila mgonjwa hukutana na tatizo fulani njiani. Mwaka wa 1990 daktari Dror Paley aliyagawa matatizo hayo katika makundi matatu: yanayotatuliwa bila upasuaji, yanayohitaji upasuaji mwingine lakini yakaisha, na yale yanayoacha madhara hata baada ya matibabu kwisha.

Linalotokea zaidi ni uambukizi kwenye matundu ya pini. Mara nyingi huisha kwa usafi na dawa za kuua bakteria. La pili ni viungo kukaza. Mfupa hurefuka kwa urahisi kuliko misuli, kwa hiyo goti hukataa kunyooka au wayo huelekea chini kama wa mtu anayesimama kwa vidole. Mengine ni ganzi ya wayo, mfupa kupinda, mfupa kuchelewa kukomaa, na kuvunjika baada ya fremu kutolewa.

Mguu ulioongezwa sentimita 5 lakini goti halikunji haujamsaidia mwenyewe. Ndiyo maana mtaalamu wa tiba ya viungo ana uzito sawa na daktari wa upasuaji katika matibabu haya.

Kazi ya familia nyumbani

Kabla ya kutia sahihi, mketi kama familia na mjiulize nani atafanya yafuatayo kwa miezi 6.

Kuzungusha nati kwa saa zilizopangwa na kuandika kila mara kwenye daftari. Watu wawili nyumbani wajifunze, ili mmoja akisafiri kazi isikome.

Kusafisha matundu ya pini kwa dawa na chachi kama muuguzi alivyoonyesha. Usipake majivu, mafuta au dawa ya mitishamba.

Kufanya mazoezi ya kunyoosha goti na wayo kila siku, hata mtoto akilia. Huruma ya kumwacha alale huku amekunja goti kwenye mto ndiyo humkaza.

Kumlisha vizuri: mayai, maziwa, omena, maharagwe na mboga za kijani. Hakuna haja ya vyakula ghali.

Kufika kliniki tarehe zote. Wakati wa kurefusha, eksirei huhitajika mara kwa mara. Weka kando nauli hiyo mapema, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi.

Kutonunua dawa za maumivu dukani kiholela. Baadhi yake zinaweza kuchelewesha mfupa, kwa hiyo mwulize daktari zipi zinafaa.

Mtoto mwenye fremu anaweza kwenda shule. Zungumza na mwalimu mkuu kuhusu darasa lisilo na ngazi, choo na michezo. Suruali pana au sketi iliyofunguliwa upande inatosha kufunika fremu. Waeleze pia wanafunzi wenzake, kwani mtoto asipoelezwa huogopa, na anayeogopa hucheka.

Rudi hospitalini mara moja, bila kusubiri tarehe, ukiona usaha, homa, au wekundu unaoenea. Wayo ukifa ganzi au vidole vikishindwa kuinuka. Pini ikilegea au kuvunjika. Nati ikigoma kuzunguka. Au muundi ukivimba ghafla na mgonjwa akishindwa kupumua vizuri.

Na wanaotaka tu kuwa warefu?

Vijana wengi wameona kwenye simu matangazo ya kuongezewa kimo ng'ambo, hasa Uturuki. Upasuaji ni huu huu, ila hufanywa kwa miguu yote miwili iliyo na afya. Hatari zote zilizotajwa zinabaki, na mara mbili. Matangazo huonyesha siku ya kwanza na siku ya mwisho. Miezi ya katikati hayaionyeshi. Hatari ya pekee ni kurudi nyumbani kabla mfupa haujakomaa, ukakosa daktari anayekijua kifaa ulichowekewa. Aliye na miguu sawa na anayetembea vizuri apime sana kabla ya kuihatarisha. Na wanaouza dawa za kupaka au vidonge vya kurefusha mtu mzima wanauza uongo: tabaka la ukuaji likishafunga, hakuna dawa inayolifungua.

Vivyo hivyo kumkanda mtoto au kumvuta mguu hakurefushi mfupa. Kumfunga vijiti kwa kukaza kunaweza kuzuia damu, na wapo waliopoteza mguu kwa njia hiyo.

Uanzie wapi

Msimamishe mtoto bila viatu akiwa amenyoosha magoti yote mawili. Tazama kiuno kutoka nyuma. Kikiinama upande mmoja, au kisigino kimoja kikiwa hakifiki chini, mpeleke kupimwa.

Mwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo utaelekezwa kwenye kliniki ya mifupa ya hospitali ya kaunti. Ikibidi utapewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mjini Nairobi au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kwa watoto, hospitali ya AIC CURE iliyoko Kijabe imekuwa ikitibu ulemavu wa mifupa tangu 1998.

Jisajili na SHA pamoja na watoto wako kupitia *147# kabla ya kuugua. Kisha, hospitalini, uliza afisa wa SHA ni sehemu gani ya upasuaji, fremu na ziara za kliniki italipiwa, na ipi utaigharamia mwenyewe. Uliza kabla ya tarehe ya upasuaji. Fremu ikishafungwa, safari imeanza na haifai kukatizwa.

Mwulize daktari maswali haya pia: Tofauti ni sentimita ngapi, na itakuwa ngapi mtoto akimaliza kukua? Je, kuna njia nyepesi kuliko kurefusha? Nitakaa na fremu miezi mingapi? Nani nitampigia simu usiku nikipata tatizo? Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo.

Ikiwa mtoto wako au wa jirani anachechemea, usingoje likizo ijayo. Kila mwaka unaopita unapunguza njia nyepesi zilizopo. Kumpima ni kazi ya asubuhi moja, na huenda jibu likawa soli ya kiatu tu.